Tanga kwa baiskeli: njia za mjini, za mwambao na za milimani

Mji wa Tanga uko kaskazini mwa mwambao wa Tanzania, karibu kilomita 65 kutoka Horohoro, kituo cha mpaka baina ya Tanzania na Kenya. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi wanaokaribia 400,000 katika jiji hilo. Miongoni mwa miji mikubwa ya pwani ya Afrika Mashariki, Tanga hujulikana kwa baiskeli zake. Karani huendea kazini kwa baiskeli, mvuvi hupakia tenga la samaki kwenye keria, fundi wa ujenzi hufunga koleo na pima maji kwenye fremu, na mwanamke aliyevaa buibui huendesha kwenda sokoni bila mtu kushangaa.

Kwa wasikilizaji wa Uganda, jina la Tanga limezoeleka zaidi katika taarifa za bomba la mafuta ghafi, ambalo safari yake ya kilomita 1,443 huanzia Kabaale, wilayani Hoima, na kuishia Chongoleani, kando ya mji huo. Lakini kabla ya bomba, na kabla ya bandari kuchimbwa upya, Tanga ulikuwa tayari na mtandao wa njia zinazopitika kwa magurudumu mawili, zilizofunguliwa na mashamba ya mkonge, reli, wavuvi na wakulima wa minazi. Makala haya yanaeleza njia tano kati ya hizo, majira yanayofaa, na mambo ambayo msafiri wa baiskeli anapaswa kuyajua kabla ya kuondoka.

Kwa nini baiskeli ilistawi

Sababu ya kwanza ni ardhi. Mji umejengwa juu ya uwanda wa matumbawe ya kale usio na vilima vya kutisha, na mtu mwenye baiskeli isiyo na gea anaweza kuuzunguka bila kushuka na kusukuma. Sababu ya pili ni mpango wa mji. Ng'ambo ya reli, upande wa kusini, iko Ngamiani, eneo la makazi ambalo barabara zake zimenyooka, zinakatana kama mistari ya daftari la hesabu, na huitwa kwa namba. Anayetafuta nyumba huelekezwa barabara ya sita au ya kumi na mbili, na hapotei.

Sababu ya tatu ni mkonge. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo kukazaliwa mashamba makubwa yaliyoifanya Tanganyika, na baadaye Tanzania, kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Katika miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mashamba hayo yalihitaji njia pana na zilizonyooka katikati ya mistari ya mimea, na wafanyakazi walihitaji chombo cha kuwatoa kambini hadi kiwandani na mjini. Bei ya mkonge ilipoanguka, kamba za plastiki zikachukua nafasi yake na mashamba mengi yakageuka vichaka. Njia zake hata hivyo zilibaki, na watu wakaendelea kuzitumia.

Wazee bado wanaikumbuka Swala, baiskeli iliyotengenezwa nchini na kiwanda cha NABICO cha Dar es Salaam. Leo nyingi zinazoonekana barabarani ni zile nzito za gea moja kutoka China na India, pamoja na za mitumba. Ile nzito hudharauliwa na wageni, lakini ndiyo inayobeba gunia la mkaa, na ndiyo ambayo kila fundi wa kijijini ana spoku na mnyororo wake.

Majira na upepo

Mwendesha baiskeli wa mwambao huulizia upepo kabla ya kuulizia mvua. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, likija na joto kali. Kusi huanza Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba au Oktoba, na huleta hali ya hewa iliyopoa. Mvua kubwa za masika hunyesha baina ya Machi na Mei. Mvua fupi za vuli huja baina ya Oktoba na Desemba.

Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri kuliko yote kwa safari ndefu, kwa kuwa njia za udongo zimekauka na jua halichomi sana. Lakini katika miezi hiyo anayekwenda Pangani, upande wa kusini, atapigwa na upepo usoni safari nzima. Wenyeji huondoka saa kumi na mbili asubuhi, upepo wa bahari ukiwa bado haujapata nguvu, na hurejea alasiri wakisukumwa mgongoni. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka: kwenda Pangani huwa rahisi, na taabu huwa katika kurudi, mwili ukiwa umechoka na jua likiwa utosini.

Njia ya kwanza: mjini hadi Ras Kazone

Njia hii haizidi kilomita 10 kwenda na kurudi, na inamfaa hata mtu ambaye hajapanda baiskeli kwa miaka mingi. Mahali pazuri pa kuanzia ni stesheni ya reli. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza hapo mwaka 1893, ukiwa wa kwanza katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na njia hiyo ikafika Moshi mwaka 1911. Reli ndiyo iliyougawa mji: ofisi na nyumba za watawala kaskazini, karibu na bahari, makazi ya wafanyakazi kusini, Ngamiani.

Kutoka stesheni msafiri huelekea ufukweni, akipita majengo ya zamani ya utawala, likiwemo boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi. Ghuba huonekana yote, na ndani yake Kisiwa cha Toten, jina la Kijerumani lenye maana ya wafu. Barabara hufuata mwambao kuelekea mashariki chini ya miti mikubwa, ikipita Hospitali ya Bombo, yenye jengo la enzi za Wajerumani, hadi kwenye rasi ya Ras Kazone, ambako wakazi wa mji huogelea jioni.

Rasi hii iliwahi kuwa uwanja wa vita. Mwanzoni mwa Novemba 1914, jeshi la Uingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao wakiwa wanajeshi kutoka India, lilishuka hapa kwa meli ili kuuteka mji. Waliowangoja walikuwa karibu 1,000, wengi wao askari Waafrika chini ya maofisa wa Kijerumani. Usiku wa kuamkia pigano kubwa, kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliingia katika mji uliohamwa akiwa juu ya baiskeli pamoja na wenzake wachache. Alifika hadi karibu na bandari, akazitazama meli za adui zilivyowaka taa, kisha akarudi kupanga ulinzi wake. Siku iliyofuata Waingereza walishindwa, na makundi ya nyuki waliochokozwa na risasi yakawashambulia wapiganaji. Vita vilivyoanza hivyo viliendelea hadi 1918, na waliovilipia zaidi walikuwa wapagazi na wanavijiji wa Afrika Mashariki ambao majina yao hayakuandikwa popote. Makaburi ya vita hivyo yapo mjini, na inafaa kushuka kwenye baiskeli mtu anapoyapitia.

Njia ya pili: Mapango ya Amboni

Mapango ya Amboni yako karibu kilomita 8 kaskazini-magharibi mwa mji. Msafiri hufuata barabara ya lami ya Horohoro, kisha hukata kushoto na kuingia njia ya vumbi ya Kiomoni. Kipande cha lami kinahitaji uangalifu, kwa kuwa ndiyo barabara ya mabasi na malori yaendayo Mombasa.

Mapango hayo yamechongwa na maji ndani ya miamba ya chokaa yenye umri wa mamilioni ya miaka, kando ya Mto Mkulumuzi. Serikali ya kikoloni iliyakabidhiwa mwaka 1937 kutoka kwa kampuni ya mkonge iliyomiliki eneo hilo, na tangu baada ya uhuru yamehifadhiwa kama eneo la mambo ya kale. Masimulizi yake ni mengi. Husemwa kwamba njia zake za chini kwa chini hufika Mombasa, na kwamba mbwa aliyepotelea humo alionekana tena kwenye mlima Kilimanjaro. Upimaji uliofanywa na wataalamu mwaka 1994 ulionyesha kwamba pango refu kuliko yote halipiti mita 900. Waongozaji huyasimulia yote mawili, kisa na kipimo, na humwachia mgeni achague. Ndani ya pango pia kuna mahali pa tambiko ambapo watu bado huweka sadaka, na mgeni hapaswi kuzigusa.

Katika miamba na misitu ya Tanga na Usambara ndimo afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alimookota mbegu za ua dogo la zambarau na kuzipeleka Ulaya mwaka 1892. Ua hilo sasa hupandwa kwenye vyungu madirishani duniani kote, huku makazi yake ya asili yakizidi kupungua.

Kiingilio hulipwa langoni, baiskeli huachwa kwa waongozaji, na tochi ni ya lazima. Anayetaka kurefusha safari anaweza kuulizia chemchemi za maji ya moto yenye salfa zilizoko upande huohuo wa Amboni. Safari nzima humalizika kwa nusu siku.

Njia ya tatu: Machui na Tongoni

Anayependa lugha ya Kiswahili hatakosa kuichagua njia hii. Barabara ya Pangani hutoka mjini kuelekea kusini, ikipita katikati ya minazi, mikorosho na mashamba ya mihogo. Humo ndimo ilimo Machui, na katika kitongoji chake cha Vibambani alizaliwa Shaaban Robert, tarehe 1 Januari 1909. Mshairi huyo, aliyefanya kazi ya ukarani serikalini kwa miaka mingi na kuandika vitabu vyake baada ya saa za kazi, alifariki mwaka 1962 na kuzikwa Machui. Kaburi lake ni la kawaida, kijijini kwao, na wenyeji humwelekeza anayelitafuta. Wanafunzi wa Kampala, Bujumbura na Lubumbashi wanaosoma vitabu vyake darasani wangeweza kufika hapo kwa baiskeli kutoka katikati ya mji na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Mbele zaidi, takriban kilomita 17 kutoka mjini, yako magofu ya Tongoni. Uliokuwa mji wa biashara wa Waswahili sasa ni kuta za msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa na nguzo za mawe ambazo zamani zilipambwa kwa vigae vya kauri kutoka Asia. Hapo bahari iko karibu na mikoko imeinyemelea kuta. Katika maji ya upande huu, Vasco da Gama alikwamisha moja ya meli zake, São Rafael, mwaka 1498 alipokuwa akienda India. Aliporejea mwaka uliofuata, mabaharia wake wengi wakiwa wamekufa kwa kiseyeye na waliobaki hawatoshi kuziendesha meli zote, aliichoma meli hiyohiyo papo hapo.

Tongoni si bustani. Ni makaburi ya Waislamu, na jamaa za waliozikwa humo bado huja kusoma dua. Baiskeli huegeshwa nje, viatu havikanyagi juu ya kaburi, na kivuli cha mbuyu kinatosha kwa kupumzika.

Njia ya nne: Kigombe na Pangani

Njia ya Pangani ni ndefu, karibu kilomita 50 kwa upande mmoja, na inafaa kulala huko usiku mmoja. Kwa miaka mingi ilikuwa barabara ya udongo mwekundu, na mvua za masika ziliigeuza utelezi. Imekuwa ikijengwa kwa lami kama sehemu ya barabara ya mwambao itakayoiunganisha Tanga na Bagamoyo, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani. Anayesafiri anapaswa kuuliza mapema ni vipande vipi vinafanyiwa kazi, kwa sababu njia za mchepuko huwa na vumbi zito na magari ya ujenzi.

Kigombe, kijiji cha wavuvi kilichoko njiani, ni mahali pazuri pa kununua madafu na samaki wa kukaanga. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa mwambao huu walianza kunasa samaki wa ajabu, silikanti, ambaye wanasayansi waliwahi kudhani jamii yake ilitoweka duniani pamoja na dinosaria. Mwaka 2009 eneo la bahari linaloanzia Tanga hadi karibu na Pangani likatangazwa kuwa hifadhi kwa ajili yake.

Pangani wenyewe ni mji mkongwe kwenye mlango wa mto ambao maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru. Nyumba zake zenye milango ya kuchonga zilijengwa kwa mali ya pembe za ndovu, sukari na watumwa. Mwaka 1888 hapo ndipo Abushiri bin Salim alipoongoza upinzani wa watu wa pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani iliyotaka kutoza kodi na kupandisha bendera yake. Alikamatwa na kunyongwa mjini humo tarehe 15 Desemba 1889. Ng'ambo ya mto iko Bweni, na zamani zote abiria, ng'ombe na baiskeli vimevuka pamoja kwa pantoni. Kusini zaidi njia huelekea Mkwaja na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, yenye simba na tembo. Mwenye baiskeli haingii humo bila kwanza kuzungumza na wahifadhi.

Njia ya tano: Muheza na milima ya Amani

Hii ni safari ya siku mbili au tatu kwa mwenye mapafu mazima na baiskeli yenye gea. Muheza uko karibu kilomita 35 magharibi mwa Tanga, kwenye barabara kuu iendayo Segera. Barabara hiyo ina magari mengi, hasa malori ya kiwanda cha saruji kilichoko Pongwe, na wengi huona ni busara kupakia baiskeli kwenye gari hadi Muheza na kuanzia hapo.

Muheza ni mji wa machungwa. Msimu unapofika, marundo yake hupangwa kando ya barabara na bei hushuka. Kutoka hapo njia ya udongo hupanda milima ya Usambara Mashariki kwa zaidi ya kilomita 30, ikipita kwenye lango la Zigi na kuzungukazunguka katika msitu hadi Amani, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko kituo cha utafiti wa mimea na bustani kubwa, na tangu 1997 eneo hilo limekuwa hifadhi ya mazingira asilia. Hewa huwa baridi, mashamba ya chai huonekana katikati ya msitu, na maji hutiririka kila upande. Maji hayo ndiyo huteremka kwa Mto Zigi hadi bwawa la Mabayani na kuingia kwenye mabomba ya jiji la Tanga. Mtu anayeteremka Amani kwa baiskeli huwa anafuata safari ya maji anayoyanywa mjini.

Kuteremka kunahitaji breki mbili zinazofanya kazi. Wenyeji wanaosafirisha mizigo husimama mara kwa mara ili rimu zipoe, na mgeni afanye vivyo hivyo.

Chongoleani na malori yanayokuja

Kaskazini mwa ghuba iko rasi ya Chongoleani. Tarehe 5 Agosti 2017 marais John Magufuli na Yoweri Museveni waliweka hapo jiwe la msingi la mradi wa bomba. Mafuta ya Uganda huganda yakipoa, kwa hiyo bomba limebuniwa kupashwa joto njia nzima hadi kwenye matangi ya Chongoleani, ambako meli zitapakia. Sambamba na hilo, bandari ya Tanga imechimbwa kina. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na shehena ililetwa nchi kavu kwa matishari. Sasa zinaweza kufunga gatini.

Kazi na biashara vimekuja pamoja na miradi hiyo, na vijana wengi wa Tanga wameisubiri siku hii kwa muda mrefu. Lakini kila shehena inayoshushwa gatini huondoka kwa lori, na barabara za kuingia bandarini, za Pongwe na za Horohoro ndizo hizohizo anazopita muuza samaki akiwa na tenga lake. Mwenye gari huona barabara kama kitu kimoja. Mwenye baiskeli huona vitu viwili, lami na bega lake, na uhai wake hutegemea upana wa hilo bega. Likiwa limeliwa na mvua au limegeuzwa gulio, hulazimika kupanda kwenye lami. Lori linapopiga honi, huruka kwenye mchanga pamoja na mzigo wake.

Kuchora mstari wa njia ya baiskeli peke yake hakutoshi. Dar es Salaam, mradi wa mabasi yaendayo haraka ulipojengwa katika Barabara ya Morogoro, njia za baiskeli ziliwekwa kando yake, lakini mahali pengi zimevamiwa na bodaboda na meza za wachuuzi. Inafaa kukumbuka kwamba neno bodaboda lenyewe lilizaliwa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, likiwa jina la baiskeli zilizovusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Pikipiki ilirithi jina, kisha ikarithi na njia. Tanga bado haijafika huko, kwa sababu waendesha baiskeli wake ni wengi na madereva wa mji wamezoea kuwapisha. Mazoea hayo hayana sheria inayoyalinda. Dereva anayetoka mbali na shehena ya haraka hakuyakuta, na hakuna bango linalomweleza.

Usalama, vifaa na adabu

Tanzania, kama Uganda, huendesha upande wa kushoto, jambo linalompunguzia mgeni wasiwasi. Safari za usiku kwenye barabara kuu ziepukwe kabisa. Nguo ya rangi inayong'aa, taa ya nyuma na kengele vinagharimu fedha kidogo kuliko gipsi ya mguu. Kwa kila safari inayozidi kilomita 20 mtu abebe tyubu ya akiba, viraka na gundi yake, pampu, spana ndogo na lita tatu za maji. Miiba ni mingi kwenye njia za mashambani. Mafundi baiskeli hupatikana karibu katika kila mtaa wa Ngamiani na katika vijiji vingi vya barabara ya Pangani, wakikaa chini ya mwembe na beseni la maji la kutafutia tundu.

Mgeni asiye na baiskeli huulizia kwa mafundi hao, kwani wengi wanazo za kukodisha au wanamjua aliye nayo. Bei hukubaliwa kabla ya kuondoka, na kabla ya kulipa hukaguliwa breki, spoku, mnyororo na tandiko, kwa sababu tandiko lililolegea huumiza kuliko njia mbovu.

Adabu ya mwambao nayo ni kifaa cha safari. Mzee huamkiwa kwa shikamoo hata kama mtu yuko juu ya baiskeli, na ni vizuri zaidi kupunguza mwendo. Mavazi yafunike mabega na magoti vijijini. Mwezi wa Ramadhani si vyema kula au kunywa hadharani mchana. Yuko radhi mwenye duka kumkaribisha msafiri ndani anywe maji yake. Picha hupigwa baada ya kuomba ruhusa.

Kufika kutoka Uganda

Njia za nchi kavu ni mbili. Ya kwanza hupita Mutukula na kuingia Tanzania moja kwa moja. Ya pili hupita Kenya hadi Mombasa, kisha Lunga Lunga na Horohoro. Msafiri anahitaji pasipoti au hati halali ya kusafiria, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huulizwa mpakani kwa wanaotoka Uganda. Mabasi mengi hukubali kubeba baiskeli kama mzigo wa kulipiwa. Hutunzwa vizuri zaidi gurudumu la mbele likiwa limetolewa na kufungwa kwenye fremu.

Watu wa Tanga wana msemo wa kujitania kuhusu mji wao: waja leo waondoka leo. Kwa njia ya Ras Kazone, Amboni au Tongoni msemo huo ni wa kweli kabisa, kwani siku moja inatosha. Kwa Pangani na Amani hautoshi. Na kwa anayepanga safari sasa, ushauri wa mafundi wa Ngamiani ni kwenda mapema, kuuliza hali ya barabara siku ileile, na kushika njia ya mashambani kila ipatikanapo, hata kama ina vumbi na inazunguka.